Maji ya Karavani

Siku ya pili ya msiba wa baba, mwanamke mmoja nisiyemjua aliinama kuchukua tende kwenye sinia, akasema kwa sauti ya kusikiwa na chumba kizima: "Mwanamme kama yule hatutomuona tena. Kamzungusha mama yake Oman nzima, hakumtupa kwa mtu." Wanawake wote waliokuwemo mle, nyumbani kwa mdogo wangu Raya hapa Nizwa, wakaitikia kweli, wallahi kweli, Mungu amrehemu. Raya akatoa simu akaonyesha picha ya zamani: karavani yetu, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, nyeupe yenye mstari wa kahawia, na bibi yetu, mama yake baba, kakaa kwenye kidaraja cha mlango, kavaa leso zake, anacheka. Picha ikapita mkono kwa mkono. "Bibi wa watu, tazama alivyoridhika!" Mimi nilikuwa nimeshika dele nawamiminia kahawa. Nikampa dele aliyekuwa karibu yangu, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki. Waliniacha, walidhani nimekwenda kulia. Sikuwa nalia. Ilikuwa kinyaa, kama mtu aliyeuma kitu akakuta mdudu ndani.

Nataka kuandika kilichonitia kinyaa, na sijui kama nitaweza. Skuli niliacha mwaka huo huo ninaotaka kuueleza, nilikuwa na miaka kumi na sita. Tangu utotoni nina tabia ya kuandika kwenye madaftari, lakini nimeyafungua ya mwaka ule nikaona hayanisaidii, nimeandika "upepo mwingi" na "leo wali na samaki" na "mama kakasirika". Kwa hiyo nategemea kichwa changu, na kichwa changu kina upande. Basi nianze na haki ya yule mwanamke: alilolisema ni kweli. Baba hakumtupa mama yake. Ameishi naye mpaka amemzika. Na Raya naye ana haki kuikumbuka karavani kwa furaha, alikuwa na miaka saba, alilala kitanda cha juu kilichokuwa na dirisha lake mwenyewe. Hakuna aliyesema uongo mle chumbani. Labda ndiyo maana niliona kichefuchefu, sijui.

Baba alikuwa fundi wa viyoyozi na mafriji. Kazi zake zilimpeleka zilikokuwa: majira ya baridi kwenye kambi za watalii kule Al Mintirib, ukingoni mwa mchanga, joto likiingia Sur na Ashkhara kwenye vyumba vya barafu vya samaki, katikati Ibra, kisha Nizwa maofisini. Kila alikokwenda alitaka twende sote, hakuweza kulala peke yake mji wa kigeni, yeye mwenyewe alikuwa akisema. Tumehama nyumba saba. Kila nyumba bibi alikuwa na kazi yake ya kwanza: hakusali mpaka amemwaga maji sakafu nzima kwa mkono wake, mara tatu, kutoka ukutani mpaka mlangoni, kisha mfagio, kisha kitambaa. Hakujali nani alikaa kabla yetu. "Simtuhumu mtu," alikuwa akisema, "naitoharisha tu." Ndipo msala ukatandikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea ndoo, tangu nikiwa mdogo kuliko ndoo yenyewe, na usiku nililala ubavuni mwake. Nikisema nyumbani, hapo ndipo ninapopasema: ubavuni mwa bibi, popote ulipokuwa ubavu huo.

Karavani aliileta asubuhi moja ya Ijumaa, kaifunga nyuma ya gari. Kaipata kwenye kambi moja ya Mintirib, wafanyakazi walikuwa wakilala humo, kisha ikaachwa. Tulikuwa kwenye nyumba ya saba, hapa hapa Nizwa, ya kupanga. Baba akashuka, kajaa mchanga mpaka nyusi, akasema: "Khalas. Sisi hatuhami tena. Itahama nyumba." Mama akafungua mlango, akatia kichwa, akakitoa. "Khalfani," akasema, "humu kumekufa kitu." Na kweli tulikuta panya wawili wakavu nyuma ya jiko, na godoro lenye ramani ya jasho la watu, na mafuta ya kupikia yameganda ukutani rangi ya uchafu wa masikio. Tuliisugua siku nne. Niliposugua ile droo ya vijiko nilikuta kucha za mtu, zimekatwa, zimekusanywa vizuri kwenye kifuniko cha chupa. Mpaka leo nikifungua droo ya vijiko huwa natazama kwanza.

Choo kilikuwa ndani. Hili ndilo lililokuwa kubwa. Kilikuwa kijichumba cha mlango wa plastiki wa kusukuma, na kutoka pale mpaka jiko ni urefu wa mkono, nilipima. Chini yake kulikuwa na kasha linalovutwa kwa nje kama droo, likijaa unalibeba ukalimwage, ukalisuuze, ukatie dawa ya buluu. Baba alituonyesha kwa fahari, kalitoa na kulirudisha kama muuza duka. Mama akasema, "Mgeni akija nimkaribishe wapi, chooni au jikoni? Maana ni pamoja." Baba akacheka, akasema mgeni atatandikiwa jamvi nje kama Mabedui, na nani asiyependa kukaa nje. Bibi hakucheka. Alisimama uwanjani na bakora yake, hakutia mguu ndani.

"Mama, panda basi uone."

"Nimeona."

"Umeona nini na uko huko?"

"Nimeona mwanangu anataka nile na ninye chumba kimoja. Kwetu Unguja choo kilikuwa uani, mtu akenda huaga."

"Basi na hapa utaaga, mama. Sema tu 'nakwenda', sote tutageuka."

Mama ndiye aliyeangua kicheko, na alikuwa na hasira kuliko wote. Lakini jambo halikuwa la kuchekwa. Bibi asipoingia karavani, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, Ibra kwa ami yangu, na kwa mke wa ami. Alishakaa huko mwezi mmoja kabla. Sitaki kumsema vibaya mke wa ami, alikuwa na watoto sita na hakuomba kuletewa mkwe. Lakini bibi alirudi kakonda, na alinambia mimi tu, kwamba alikuwa akiwekewa chakula chake kwenye sahani ya bati, peke yake, chumba cha kuwekea magunia, na wajukuu walikatazwa kukaa naye kwa sababu ati ananuka uzee. Bibi, aliyekuwa akikoga mara mbili kwa siku. Kwa hiyo nilijua vizuri kinachopimwa. Akipanda, ninaye. Asipopanda, sahani ya bati.

Alikaa siku tatu akifikiri. Vitu vya nyumba vikagaiwa: majamvi ya majlis, chumba cha wageni, wakapewa majirani, kabati likaenda, mama alifunga vikombe vyake vya kahawa ndani ya nguo za Raya, akavifungua, akavitoa nusu, akavifunga tena. Siku ya tatu bibi akasema atapanda kwa masharti mawili. La kwanza, achague mwenyewe anasali vipi: asali safari, apunguze rakaa, au asali kama mtu wa mji, kamili? "Maana mimi sijui niko wapi. Nyumba yangu, lakini ina magurudumu." Baba akasema, "Sali vyote viwili, mama, Mungu atachagua." Bibi akamtupia jicho, kisha akajijibu mwenyewe, kwamba penye watoto wake na sufuria yake ndipo kwake, atasali kamili. Sharti la pili lilikuwa maji. Sakafu ya karavani haimwagiwi maji, mbao zingeoza, baba kakataza. Basi angalau maji ya tangi, ya kutia udhu na kunywa, awe na yakini nayo. "Tangi simtaki mtu alijaze ila Zuwena. Wewe Khalfani una haraka, mkeo ana hasira. Huyu ndiye nimemfundisha ndoo." Akanishika kidevu. "Wanisikia? Nakuaminia sala zangu." Nikasema ndiyo, bibi. Nilijiona mtu mkubwa.

Ndivyo nilivyoacha skuli, hakuna aliyeniambia niache. Tulipoondoka Nizwa, ikawa skuli tutaulizia Sur, Sur ikawa wiki tatu, tukashuka Ashkhara. Mama alikasirika kwa ajili yangu lakini alikuwa na mengi ya kukasirikia. Ndani ya karavani huwezi kuficha kitu. Meza ya kulia ilikunjwa ikawa kitanda changu na cha bibi, kwa hiyo tulilala juu ya makombo na tulikula juu ya jasho letu. Kitunguu kikikaangwa, nguo zote zinakuwa kitunguu. Nilijua tumbo la kila mtu. Baba alikuwa na desturi ya kuingia chooni mara tu mama anapoweka wali mezani, na akiwa humo huzungumza nasi, anauliza leo samaki gani, kwa sauti ya mtu aliyekaa sebuleni. Bibi huacha kula, huweka mkono juu ya sahani yake kama anaikinga na mvua. Nasema haya na ninajua maskini mtu hana pa kwenda akiwa na tumbo. Lakini ule uchangamfu wake ndio uliokuwa ukinikera, kwamba tusione, tucheke, tuseme tunaishi vizuri kuliko wenye nyumba. Mazungumzo yao na mama niliyasikia yote, ukuta ulikuwa ubao mwembamba kama biskuti. "Miezi sita tu," baba anasema. "Nyumba ya tano ulisema hivyo hivyo." "Hii si nyumba ya tano." "Hii si nyumba."

Na Ashkhara yenyewe. Karavani tuliiegesha nyuma ya vyumba vya barafu, karibu na pale wanapoanika dagaa kwenye mchanga, eneo kubwa kama kiwanja cha mpira, dagaa wa kulisha ngamia. Ukifungua dirisha, shombo na nzi. Ukifunga, sisi wenyewe. Upepo wa bahari ulipiga bila kupumzika, mchanga wenye magamba ya samaki uliingia kwenye mswaki. Baba aliingia chumba cha barafu akicheka, akitoka vidole vimepasuka, vinatoa damu, na hakulalamika hata mara moja, nalisema hilo kwa sababu ni lake. Alipenda kazi na alitupenda sisi karibu na kazi.

Mipira ya maji ilikuwa miwili. Wa kijani wa kujazia tangi la kunywa, wa manjano wa kusuuzia kasha la choo. Siku nzima ya kwanza baba alinisomesha hayo, na mimi niliitundika mbali mbali, kijani ndani, manjano nje chini ya karavani. Tulikuwa tukichota maji kwenye mfereji wa msikiti mdogo, wenyewe wametukubalia, kwa sharti tusikae pale wakati wa sala. Siku hiyo tangi lilikuwa tupu kabisa, bibi ameshatayammamu adhuhuri kwa mchanga na hakupenda. Alasiri ilikuwa inakaribia, watu wameanza kuja kutia udhu, wanaume, nami msichana nimesimama na mpira. Wa kijani nikaufunga, ukawa mfupi, baba kaivuta karavani kaiacha mbali na mfereji. Ukapungua kama hatua tatu. Mzee mmoja akanihimiza, "Yalla, ya binti, yalla." Nikaona haya. Nikainama nikachomoa wa manjano chini ya karavani, nikauunga, nikaacha maji yakimbie kwanza, nikahesabu mpaka ishirini. Nilijiambia jua limeukausha wiki nzima, jua linasafisha. Nikaitia ncha yake kwenye tangi. Si kwamba nilikosea rangi. Mara nyingi nimejaribu kukumbuka kwamba nilikosea rangi.

Siku tisa tulikunywa yale maji. Chai, wali, maji ya kukoga Raya. Daftari langu la siku zile limesema upepo. Bibi alikuwa akitia udhu kwenye beseni, taratibu, kila kidole, na akimaliza ananambia, "Maji yako baridi, Zuwena, Mungu akupe," nami nasema amin. Nilikuwa nikimtazama akisukutua. Nilikuwa nikiona mpira wa manjano mle mdomoni mwake. Siku ya tisa Raya aliharisha na kutapika, baba akaanza kukagua kila kitu, akakuta mpira wa manjano umetundikwa mahali pa kijani, maana baada ya siku ile nilichanganyikiwa nikaitundika vibaya. Akaniita nje, nyuma, kwenye upepo wa dagaa. Nikamwambia yote, mpaka ile kuhesabu ishirini. Nilitaka anipige. Nilimwambia, "Bibi kasali nayo, baba. Siku tisa."

Akageuka, akafungua tangi, maji yote yakamwagika mchangani. Aliliosha kwa dawa mara tatu, hata mimi nilichoka kumuona. Alitupa mipira yote miwili, akenda akarudi na mipya. Akampeleka Raya kwa daktari, siku ya pili akapona. Yote aliyafanya, sikatai. Nilipomuuliza nimwambie bibi mimi au atamwambia yeye, alifuta mikono, akasema, "Hatumwambii. Amekubali, Zuwena. Hujui nilivyohangaika mpaka akakubali. Ukimwambia ataomba Ibra kesho asubuhi. Wataka hilo?" Nikasema sitaki. "Basi. Mungu anasamehe asiyejua. Yeye hajui." Akanipiga piga bega, akaingia ndani, nikamsikia anasema kwa ile sauti yake, "Haya, leo tunakula nini?"

Ninachokiona kinyaa si mpira. Nimekwisha kulea watoto, nimeshika mengi machafu kwa mikono hii. Ni kwamba alikuwa na mantiki, na mantiki ile ilikuwa yangu pia. Nilinyamaza siku sita zaidi. Na siku zile sita bibi alizidi kuizoea karavani, alianza kukaa kwenye kidaraja cha mlango jioni, akicheka na wake za wavuvi, na siku mojawapo ndipo Raya, kwa kamera ya baba, alipopiga ile picha. Nilikuwa ndani, nawatazama kwa dirisha.

Siku ya saba nilimwambia. Tulikuwa wawili, mama na Raya wako sokoni, baba kazini. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia maji, mpira, msikiti, mzee wa yalla, siku tisa. Hakuinua kichwa mpaka nimemaliza. Alizisukuma punje upande mmoja wa sinia kwa ubavu wa mkono. "Sala arubaini na tano," akasema. Alikuwa amekwisha hesabu kabla sijamaliza maneno. Kisha: "Na nguo. Na msala." Kisha akanitazama, na jicho lake halikuwa la hasira, lilikuwa la mtu anayesubiri kuhukumiwa.

"Baba yako anajua?"

Nilijua anachouliza. Akijua mwanawe alijua akanyamaza, hakuna kubaki, si karavani wala nyumba yoyote yake. Angemaliza umri wake Ibra, chumba cha magunia, kwa hiari yake, kwa sababu sahani ya bati angalau haidanganyi. Nikasema, "Hajui, bibi."

"Hajui."

"Alilisafisha tangi kwa sababu ya Raya. Hajui kama wewe umetilia udhu, mimi sikumwambia."

Ilikuwa uongo wa kijinga, kila mtu mle ndani alijua bibi anatilia udhu maji gani. Akavuta pumzi. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwanangu hawezi kujua akanyamaza." Akarudi kwenye mchele wake. Sikuombwa kutubu wala sikufukuzwa kwenye ndoo. Jioni ile tulifua kila kitu, leso, msala, mashuka, mpaka kamba ya kuanikia. Na usiku na mchana akaanza kulipa, baada ya kila sala ya wakati sala moja ya deni, wakati mwingine mbili, magoti yanalia, mkono mmoja umeshika ukingo wa jiko kwa kuinukia. Baba alimkuta hivyo mara nyingi. Aliwaambia mafundi wenzake, nimesikia kwa masikio yangu, "Mama tangu tuingie karavani kazidisha ibada. Utulivu huo." Nilimtazama usoni nione kama anajua ni sala za nini. Sitaki kumzulia. Nadhani alijua. Yeye na mimi hatukulizungumza tena jambo hili mpaka tumemzika bibi, na nafasi zilikuwepo nyingi, miaka mingi.

Alimaliza asubuhi moja, kabla hatujaondoka Ashkhara kurudi Mintirib. Tulikuwa sote mezani, chai ya maziwa na mikate ya kumimina iliyobaki jana. Bibi alikunja msala, akaja akakaa mahali pake, akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Khalfani," akasema, "nina neno nawe, na mkeo asikie. Mtoto huyu alikosea maji, siku zile Raya alipougua. Kaja kanambia mwenyewe. Nimelipa, yamekwisha, asiulizwe na mtu. Nilitaka kwenda Ibra, nikwambie kweli. Kilichoniweka ni kimoja tu, kwamba wewe hukujua."

Mama akaniangalia, kisha akamuangalia baba. Kinywa cha baba kilikuwa kimejaa mkate. Alitafuna polepole, akameza, akapangusa midomo kwa nyuma ya mkono, na macho yake yakaja kwangu, yakakaa.

"Sikujua, mama," akasema.

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akamega mkate. Baba aliendelea kunitazama. Nikamsogezea sukari.